Mizinga ya Baruti na Bunduki za Kale: Sheria Yasemaje?

Katika nyumba nyingi za nchi yetu mna vitu vya kale vilivyoachwa na mababu: mkuki, ngao, kigoda cha mzee, au pembe ya kupigia mbiu. Katika nyumba chache mna kitu kingine, nacho ni bunduki ya zamani iliyokuwa ikishindiliwa baruti kwa mdomo wake, ile iitwayo gobori. Mahali pengine, hasa pwani, huonekana hata mzinga wa chuma uliolala mchangani kwa miaka mamia. Watu huvitazama vitu hivi kama mapambo au kumbukumbu tu, wakasema, “Hiki kimekwisha kufa, hakina neno.” Maneno hayo yamewatia watu wengine gerezani, na wengine yamewatia kaburini. Kwa hiyo yafaa kila mtu ajue sheria inavyosema.

Huenda msomaji wa Gatina akauliza, “Jambo hili lanihusu nini mimi?” Gatina ni kata ya Nairobi, katika Dagoretti Kaskazini, karibu na Kawangware, nayo haina ngome wala bandari. Lakini mna mambo manne yanayoileta habari hii mpaka mlangoni. Kwanza, wakazi wake wametoka pande zote za nchi, na mzee akifa huko kwao, vitu vyake hugawanywa, na kimoja chaweza kuletwa mjini katika gunia. Pili, wamo wanunuzi wa vyuma chakavu, ambao hupokea kila namna ya chuma bila kujua kilikotoka. Tatu, wamo mafundi wa jua kali wawezao kuunda kitu chochote wakionyeshwa picha yake. Nne, vijana wa shule na wa makanisa hucheza michezo ya kuigiza, na katika michezo hiyo bunduki za bandia hutakiwa mara nyingi. Watu wa namna hizi nne wote wanaweza kuingia katika hatari ya sheria bila ya kukusudia ubaya.

VITU HIVI NI NINI?

Bunduki za zamani hazikutumia risasi zenye ganda kama za leo. Mwenye bunduki alitia baruti katika mtutu, akatia risasi au marisau, kisha akashindilia kwa mdeki. Bunduki nyingine, iliyoitwa gumegume, ilikuwa na jiwe lililotoa cheche. Nyingine ziliwashwa kwa fataki. Mzinga ulifanya kazi kwa njia ile ile, ila ulikuwa mkubwa, na moto ulipitishwa katika tundu dogo lililotobolewa nyuma yake.

Baruti yenyewe ni mchanganyiko wa shura, makaa na kiberiti cha unga. Ni kitu cha zamani sana, lakini haikuacha kuwa kali kwa sababu ya uzee wake. Ikikaa mahali pakavu, au ikiwa imefungiwa ndani ya chuma pasipopitisha hewa, yaweza kudumu muda mrefu kuliko umri wa binadamu.

Ushahidi tunao. Mwezi wa Januari mwaka 2013, katika bustani kubwa ya mji wa New York, Marekani, iitwayo Central Park, wafanya kazi walikuwa wakisafisha mzinga wa manowari ya Kiingereza wa karne ya 18. Walipofungua mdomo wake waliona tufe la chuma, na nyuma ya tufe hilo baruti ipatayo gramu 800, nayo ilikuwa ingali inaweza kuwaka. Huko nyuma mzinga huo ulikuwa umewekwa mahali pa wazi, watu wakiupita kila siku, wala hakuna aliyejua ya kuwa ulikuwa umejaa. Mwaka 2008, katika jimbo la Virginia huko huko Marekani, mtu mmoja aliyezoea kukusanya matufe ya mizinga ya vita vya 1861 mpaka 1865 aliuawa na tufe moja alilokuwa akilisafisha nyumbani kwake.

Basi, neno la kwanza ni hili: umri wa chombo si dalili ya usalama wake.

SHERIA ILITOKA WAPI?

Habari ya kuzuia bunduki na baruti katika Afrika ya Mashariki si mpya. Tarehe 2 Julai 1890 mataifa mengi, pamoja na Zanzibar, yalitia sahihi mapatano katika mji wa Brussels. Kusudi lake kubwa lilikuwa kukomesha biashara ya watumwa, lakini ndani yake zilikuwamo amri juu ya silaha, kwa kuwa bunduki na utumwa vilikwenda pamoja. Mapatano yalizuia kuleta bunduki mpya katika nchi zote zilizo kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini, yaani sehemu kubwa sana ya Afrika. Gumegume na baruti ya kawaida ziliweza kuuzwa, lakini kwa masharti, na zilipaswa kuwekwa katika ghala zilizoangaliwa na serikali. Kwa hiyo hata katika siku zile, bunduki iliyohesabiwa kuwa duni haikuachwa huru kabisa.

Sheria inayotumika katika Kenya leo ni Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114. Sheria hii ilitungwa katika miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa mwezi wa Oktoba 1952. Siku hizo wapiganaji wa msituni walikuwa wakiunda bunduki zao wenyewe kwa mabomba ya maji, makomeo ya milango na mipira, na mtu aliyekutwa na silaha bila ruhusa aliweza kunyongwa. Adhabu ya kunyongwa kwa kosa la kuwa na silaha ilikwisha pamoja na siku zile, lakini sheria yenyewe ilibaki, ikarekebishwa mara nyingi baada ya uhuru wa 1963. Mwaka 2014 Bunge liliibadilisha tena na kuunda Halmashauri ya Leseni za Silaha, ambayo ndiyo yenye kazi ya kutoa vyeti vya kumiliki bunduki.

MASWALI MANNE YA SHERIA

Mtu akiwa na chombo cha kale, au kilichoundwa kwa mfano wa kitu cha kale, na ajiulize maswali manne.

Swali la kwanza: Je, chaweza kupiga? Kwa sheria, silaha ya moto ni chombo cha namna yoyote chenye mtutu, kiwezacho kuua, ambacho risasi au kitu kingine chaweza kurushwa kutoka humo, au ambacho chaweza kurekebishwa ili kirushe. Sehemu za chombo hicho pia zimo katika maana hiyo. Angalia vema maneno “cha namna yoyote” na “chaweza kurekebishwa.” Maana hiyo haianzi kwa kuuliza chombo kiliundwa mwaka gani, wala kama kilitoka kiwandani Ulaya au katika kibanda cha fundi Kawangware. Yauliza kama chaweza kurusha kitu na kuua. Ndiyo sababu watu waliokutwa na bunduki za kujitengenezea wameshitakiwa na kufungwa kama wenye bunduki nyingine, baada ya mtaalamu wa polisi kuzijaribu na kuona ya kuwa zapiga.

Mtu asiye na cheti akikutwa na silaha ya namna hiyo, kifungo chake huhesabiwa kwa miaka, wala si kwa miezi. Cheti chenyewe hakitolewi kwa kila aombaye. Mwombaji hana budi kuonyesha sababu njema ya kutaka silaha, na wakubwa wa leseni hawana budi kuridhika ya kuwa hatahatarisha amani ya watu. Mlevi, au mtu asiye na akili timamu, hawezi kupewa. Na aliyepewa hupaswa kuiweka silaha yake mahali salama, mbali na mikono ya wasio na haki nayo.

Swali la pili: Je, chafanana na bunduki? Sheria yataja pia silaha ya bandia, maana yake kitu chochote chenye sura ya silaha ya moto, hata kama hakiwezi kurusha kitu. Kipande cha mti kilichochongwa na kupakwa rangi nyeusi chaingia humo. Mtu akitumia kitu cha namna hii kwa nia ya kutenda uhalifu, hawezi kujitetea mbele ya hakimu kwa kusema, “Ulikuwa mti tu.” Sababu yake ni rahisi. Mama anayenyoshewa kitu hicho usiku katika kichochoro hajui kama ni mti au ni chuma. Hofu yake ni ile ile, na askari anayemkuta mwenye kitu hicho pia hana njia ya kujua.

Swali la tatu: Je, baruti imo? Hata kama mtu ana ruhusa ya kuwa na chombo, baruti ina sheria yake mbali, nayo ni Sheria ya Vitu vya Kulipuka, Sura ya 115. Baruti imetajwa humo kwa jina. Kuitengeneza, kuinunua, kuiweka au kuisafirisha bila kibali ni kosa, na wakaguzi wa mambo haya wako chini ya idara ya serikali inayoangalia madini, kwa kuwa baruti nyingi hutumika machimboni. Katika mahali kama Gatina, ambapo nyumba nyingi ni za mabati na zimeshikana ukuta kwa ukuta, sababu ya sheria hiyo haihitaji maelezo mengi. Mkebe mmoja wa baruti karibu na jiko la makaa waweza kuunguza nyumba za jirani ambao hawakujua hata kama mkebe huo upo.

Swali la nne: Je, ni mali ya kale ya taifa? Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya mwaka 2006 yavilinda vitu vilivyoundwa Kenya au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895. Vitu vya namna hiyo havitolewi nje ya nchi bila kibali. Na mtu akigundua kitu cha kale chenye maana kwa wataalamu wa mambo ya zamani, hupaswa kutoa habari kwa Makumbusho ya Taifa katika muda wa siku 7, na kueleza mahali hasa alipokiona. Kwa hiyo mvuvi anayekuta mzinga chini ya maji, au mkulima anayeufukua shambani, asiuuze kwa mnunuzi wa vyuma.

KWA NINI MIZINGA YA KALE IHIFADHIWE?

Watu wengine hudhani ya kuwa serikali yataka vitu hivi ili iviharibu tu. Ni kweli ya kuwa bunduki zilizokamatwa huchomwa moto. Huko Ngong zaidi ya bunduki 5,000 zilichomwa mwaka 2016, na nyingine zaidi ya 5,000 mwaka 2021. Lakini chombo chenye historia ni habari nyingine, na nchi yetu inayo mifano mizuri.

Ngome ya Yesu katika Mombasa ilijengwa na Wareno kati ya mwaka 1593 na 1596. Waarabu wa Omani waliizingira mwezi wa Machi 1696 wakaitwaa mwezi wa Desemba 1698. Wakati wa vita hivyo, mwaka 1697, jahazi la vita la Wareno liitwalo Santo António de Tanná lilizama mbele ya ngome, na wataalamu walipozamia katika miaka ya 1977 mpaka 1980 walitoa vitu vingi vya maana, na mizinga ikiwamo. Leo mtu yeyote akilipa kiingilio aweza kuiona mizinga ya ngome hiyo. Huko Unguja, tarehe 27 Agosti 1896, jumba la Sultani lilipopigwa na manowari za Kiingereza katika vita vilivyokwisha kabla ya saa moja kutimia, mmoja wa mizinga iliyolilinda ulikuwa wa shaba nyeusi, ulioundwa katika karne ya 17.

Kama mizinga hii ingaliuzwa kwa uzito, kilo kwa shilingi, ingaliyeyushwa ikawa nondo na sufuria, na habari zake zingalipotea nayo. Mnunuzi wa vyuma hulipa bei ya chuma tu. Hawezi kulipa bei ya miaka 300.

NCHI NYINGINE HUFANYAJE?

Nchi hazifanani katika jambo hili, na tofauti hiyo ndiyo huwapoteza watu wanaosoma habari za ng’ambo. Katika Marekani, sheria ya mwaka 1968 huihesabu bunduki iliyoundwa mwaka 1898 au kabla yake kuwa kitu cha kale, na nyingi za aina ya kushindilia baruti, hata zilizoundwa upya kwa mfano wa zamani, huuzwa kwa urahisi kuliko bunduki nyingine. Katika Uingereza mtu aweza kuwa na bunduki ya kale kama pambo tu, bila cheti. Lakini akitaka kuipiga, hana budi kuwa na cheti kama wenye bunduki nyingine. Katika Tanzania, ambako magobori yangali mengi vijijini, serikali imetoa mara kwa mara nafasi ya msamaha ili watu wayasalimishe kwa polisi.

Mapatano ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2001 juu ya silaha za moto yasema ya kuwa kila nchi itaeleza kwa sheria yake yenyewe bunduki ya kale ni ipi, ila isiwe iliyoundwa baada ya mwaka 1899. Maana yake ni kwamba ruhusa ya Marekani haivuki bahari. Mkenya akinunua mzinga mdogo huko ng’ambo na kuutuma nyumbani, utakutana na Sheria ya Forodha ya Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ya mwaka 2004, ambayo yaziweka silaha na risasi katika orodha ya vitu visivyoingizwa bila ruhusa. Aombe ruhusa kwanza, ndipo anunue.

MASWALI NA MAJIBU

Swali: Baba yangu amefariki, na katika dari ya nyumba yake tumekuta gobori. Je, ni urithi wangu?
Jibu: Mali ya marehemu hugawanywa, lakini ruhusa ya silaha haigawanywi. Usiiguse, usivute mtambo wake, wala usitazame ndani ya mtutu, kwa maana yaweza kuwa imeshindiliwa. Watoe watoto katika chumba, kisha upeleke habari polisi. Usiichukue mwenyewe kuipeleka kituoni kwa matatu au kwa miguu. Askari akikukuta njiani atamwona mtu mwenye bunduki, wala hataona nia yako. Waje waifuate ilipo.

Swali: Mimi ni fundi. Mteja ataka nimwundie mzinga mdogo wa shaba wa kuweka mezani. Je, nafanya kosa?
Jibu: Tazama undani wa kazi unayoagizwa. Kama ni chuma kigumu kisicho na uwazi, chenye sura tu, hakiwezi kurusha kitu. Kwa maana ya swali la kwanza ni pambo. Lakini mteja akitaka utoboe kasiba mpaka nyuma na kuweka tundu la kupitishia moto, hapo ametoka katika pambo. Kuunda, kuuza au hata kutengeneza silaha ya moto ni kazi ya mfanyi biashara wa silaha aliyeandikishwa peke yake. Mkatae mteja huyo, hata kama fedha yake ni nzuri. Wala usidhani ya kuwa kuziba tundu kwa msumari kumetosha, kwa kuwa kilichozibwa na fundi mmoja chaweza kuzibuliwa na fundi mwingine.

Swali: Nimenunua vyuma chakavu, na ndani yake mna bomba nene lenye umbo la mzinga, na tufe zito. Nifanyeje?
Jibu: Usilipige nyundo, usilikate kwa moto, wala usilitupe. Ondoa watu, kisha upeleke habari polisi mara moja. Wafugaji wa Samburu na Laikipia wamepoteza watoto na viungo vya mwili kwa vitu vilivyoachwa katika viwanja vya mazoezi ya majeshi. Mwaka 2002 serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa fidia mamia kati yao. Na kumbuka ya kuwa Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015 yamtaka mnunuzi awe na leseni na aandike alikonunua.

Swali: Kikundi chetu chataka kuigiza vita vya zamani. Je, twaweza kutumia bunduki za mti?
Jibu: Uigizaji si uhalifu. Lakini fanyeni kwa akili. Mjulisheni chifu na polisi siku na mahali pa mchezo. Bunduki hizo zisibebwe wazi barabarani, bali zifungwe katika gunia au sanduku, na ziwe chini ya mtu mzima mmoja mwenye kuzihesabu. Baruti na fataki zisitumiwe kabisa. Mlio waweza kufanywa kwa ngoma. Mchezo ukiisha, hesabuni tena, msiache hata moja ikapotea mtaani.

Swali: Nikitoa habari, je, sitakamatwa mimi?
Jibu: Anayekuta kitu leo na kutoa habari leo amefanya lililo haki, nayo habari yake humshuhudia. Anayekaa nacho mwaka mzima, kisha akakutwa nacho, atakuwa na kazi kubwa ya kujieleza. Ukiwa na hofu, nenda kwanza kwa chifu pamoja na mzee mmoja wa mtaa, au umwombe wakili akufuate, ili awepo shahidi wa nia yako.

MAMBO YA KUSHIKA

1. Usihesabu chombo kuwa kimekufa kwa sababu ni cha kale.
2. Usijipe ruhusa mwenyewe. Kama ni silaha, cheti hutolewa na Halmashauri ya Leseni za Silaha. Kama ni mali ya kale, waulize Makumbusho ya Taifa, walio Museum Hill, Nairobi.
3. Usiweke baruti nyumbani hata kidogo.
4. Ukikuta kitu, kiache mahali pake, zuia watu, na utoe habari kwa chifu au kwa kituo cha polisi kilicho karibu nawe. Nambari za kuita polisi kwa haraka ni 999 na 112.
5. Usiuze kitu cha kale kwa uzito kabla ya kukionyesha kwa wajuao.

Watu wa kale walikuwa na desturi njema: mgeni aliyeingia mjini na silaha aliiweka mbele ya wazee, akaeleza amekuja nayo kwa sababu gani. Sheria ya leo haitaki zaidi ya hapo. Yataka silaha ijulikane ilipo, ijulikane ni ya nani, na yule aliye nayo ajulikane kuwa mtu wa kuaminiwa. Mwenye gobori darini na aiweke mbele ya wazee wa siku hizi, ambao ni chifu, polisi na Makumbusho. Akifanya hivyo, watoto wake watalala salama, na huenda siku moja wakaionyesha bunduki ya babu yao nyuma ya kioo, na jina la ukoo wao likiwa limeandikwa chini yake.